Wale vijana 14 wa Mtaa wa Lumumba

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wa HGL na HKL huwa na jibu moja mdomoni: "Naenda kusoma sheria." Ukiwauliza kwa nini, utasikia habari za suti, za kujua kuongea, au za mjomba aliyesema sheria inalipa. Sina ugomvi na suti. Ila wadau, kuna wakati kijana wa Kiafrika akisema anataka sheria, serikali ilimtazama kwa jicho la shaka.

Enzi za Mwingereza hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja Afrika Mashariki kilichofundisha sheria. Makerere walitoa madaktari na walimu, siyo mawakili. Aliyetaka uwakili ilibidi asafiri hadi London, ajiunge na Lincoln's Inn au mojawapo ya vyama vingine vya mawakili vya kule. Nani angemlipia? Wakoloni walikuwa wameshaona India ilivyokwenda. Gandhi na Nehru wote walikuwa mawakili waliosomea London.

Mcheki Mkenya Argwings-Kodhek. Serikali ya kikoloni ilimpeleka Uingereza mwaka 1947 kusoma masomo mengine kabisa. Alipofika huko akageukia sheria! Alirudi Nairobi akiwa wakili, akafungua ofisi yake, na vita vya Mau Mau vilipopamba moto akawa anawatetea washtakiwa ambao mawakili wengi hawakutaka hata kuwasogelea. Leo Wanairobi wanapita kwenye barabara yenye jina lake wakilalamikia foleni.

Kwetu Tanganyika hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, akidaiwa kuwakashifu mabwana wilaya wawili. (Sisi wa magazeti tuikumbuke kesi hiyo: mshtakiwa alikuwa mhariri.) Waliomtetea walikuwa D. N. Pritt, aliyetoka Uingereza, pamoja na Rattansey na Jhaveri, Watanganyika wenye asili ya Asia. Walifanya kazi kubwa, na nchi inapaswa kuwashukuru. Lakini tazama meza ile ya utetezi: kiongozi wa chama kinachodai uhuru, na hakuna Mwafrika hata mmoja wa kusimama na kusema "Mheshimiwa, mimi ni wakili wake." Nyerere alipigwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Akalipa.

Mimi naamini kesi hiyo inasaidia kueleza kilichofuata. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam kikiwa na kitivo kimoja tu. Siyo udaktari, siyo kilimo. Sheria! Ni kweli kwamba kulikuwa na mpango wa kugawana fani kati ya Makerere, Nairobi na Dar, na sheria ikaangukia kwetu. Lakini wanafunzi waliingia wapi? Katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama kilitoa paa lake. Wanafunzi walikuwa 14, mkuu wa kitivo A. B. Weston, na shahada yenyewe ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Walihamia Mlimani mwaka 1964.

Kwa miaka kadhaa, kijana wa Kampala au wa Nairobi aliyetaka shahada ya sheria bila kuvuka bahari alikuja Dar. Makerere walianza kufundisha sheria mwaka 1968, Nairobi mwaka 1970. Ndiyo maana Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016, ni zao la Mlimani, kama alivyo Jaji Warioba wetu.

Siku hizi shahada ya sheria inatolewa Mlimani, Mzumbe, Iringa, Mwanza, Zanzibar, na hata Chuo Kikuu Huria. Mlango umepanuka sana. Lakini kuna mlango wa pili. Zamani mhitimu alifanya mafunzo kazini, kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria kabla ya kuapishwa. Bunge likatunga sheria mwaka 2007, na kuanzia 2008 anayetaka uwakili anapitia Shule ya Sheria kwa Vitendo.

Oktoba 2022 matokeo ya shule hiyo yalitikisa nchi. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa kabisa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Wengine wakalaumu shule, wengine wakalaumu vyuo vinavyomwaga shahada. Mimi niko na hao wa pili zaidi, maana wote 633 walikuwa tayari na shahada mkononi, na mzazi alikuwa ameshalipa ada ya miaka mitatu au minne.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa HGL, kabla hujajaza fomu nenda kwenye chuo unachokitaka, uwaulize swali moja: katika wahitimu wenu wa mwaka jana, wangapi wamevuka Shule ya Sheria? Wakikuzungusha, chukua fomu yako uondoke.