Kabla Yetu Walikuwepo Wengine: Kaka na Dada Waliofundisha Wadogo Zao

Wenzetu, sisi wa kujitolea tunaulizwa sana swali moja, na wazazi, hata na wafanyakazi wa mashirika: "Nyinyi wenyewe mmeishia sekondari, mtawafundisha nini watoto?" Swali si baya. Ila mtindo huu wa mkubwa kumfundisha mdogo haukuanzia kambini kwetu.

Mwaka 1789 kasisi Mskoti, Andrew Bell, alipewa kusimamia nyumba ya yatima wa kiume huko Madras, India. Aliona watoto wa pale wakijifunza herufi kwa kuandika mchangani kwa kidole, akataka walimu wake wajaribu. Wakakataa. Basi akamchukua mvulana wa miaka 8, John Frisken, akampa wadogo awafundishe. Ikafanikiwa. Bell akaandika kitabu mwaka 1797, na mwaka uliofuata Joseph Lancaster akafungua shule London ambako mwalimu mmoja alisimamia mamia ya watoto kwa kutumia wanafunzi wakubwa. Mtindo ukaenea nchi nyingi. Lakini tuseme ukweli: wenye pesa waliupenda kwa sababu ni wa bei rahisi, na mara nyingi watoto walikaririshwa tu. Hilo tulikumbuke, maana hata leo kuna wanaotutazama sisi kama walimu wa bei ya chini.

Mchanga huo tunaukuta tena Ethiopia. Kuanzia mwaka 1987, maelfu ya wavulana wa Sudan Kusini walitembea kwa miguu mpaka kambi ya Pinyudu, wengi bila wazazi. Waligawanywa vikundi, kila kikundi na watu wazima wachache wa kuwaangalia, na ndani ya kikundi mkubwa alimwangalia mdogo. Shule ilikuwa chini ya mti. Hakuna daftari, unaandika vumbini, unafuta kwa kiganja, unaandika tena. Mwaka 1991 serikali ya Mengistu ilipoanguka wakafukuzwa, na katika mto Gilo wengi walikufa, kwa maji, kwa risasi na kwa mamba. Waliosalia wakafika Kenya, na Kakuma ikafunguliwa mwaka 1992. Masomo yakaanza tena, chini ya miti tena.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kuanzia mwaka 2000 vijana kama 3,800 kati yao walipelekwa Marekani. Tunawafurahia. Lakini kati ya waliopanda ndege walikuwemo waliokuwa wakifundisha wadogo. Sisi tunaijua hiyo: leo unaona jina la mwenzako limebandikwa ubaoni, mwezi ujao watoto wake hawana mtu.

Mfano unaotugusa zaidi uko hapa hapa Uganda, Kyangwali, karibu na Ziwa Albert. Mwaka 2005 vijana wakimbizi, akina Benson Wereje na Joseph Munyambanza (huyu alikuwa bado mtoto wa miaka kama 14), walianzisha kikundi cha COBURWAS, jina lililounganishwa kutoka kwenye majina ya nchi tano za ukanda huu. Hawakungoja mradi. Walianza kwa kuwakusanya watoto wasiosoma na kuwafundisha. Walilima ili wapate ada. Baadaye wakawa na shule yao ya msingi, na wakatafuta hosteli mjini Hoima ili wanaofaulu wasome sekondari huko. Munyambanza mwenyewe aliendelea na masomo Afrika Kusini, kisha chuo kikuu Marekani. Angalia lakini: yeye aliondoka, kazi ikabaki. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo tofauti kubwa, kuliko hata majengo.

Kwa nini msaidizi anahitajika, wakati sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya shule ya msingi sawa na raia? Kwa sababu haki haifundishi Kiingereza. Mtoto anatoka Kongo amefika darasa la sita kwa Kifaransa, hapa anarudishwa P3. Ana miaka 14, anakaa na watoto wa miaka 8, magoti hayaingii chini ya dawati. Anajua kugawanya sehemu, ila hajui "sehemu" inaitwaje kwa Kiingereza. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani atamwonaje? Sisi tunamwona. Tunamweleza kwa Kiswahili, anacheka, anasema "kumbe ni hii tu!" Wengine tumechelewa kumwona, ameshaenda kuchimba mashamba ya watu.

Mwaka 2025 misaada ilipopungua, baadhi ya walimu walisimamishwa na kazi yetu ikaongezeka. Hapo tuliwaambia wazi wafanyakazi wa mashirika: tunasaidia shule, hatuchukui nafasi ya mwalimu. Na tuliamua kitu kimoja kwa ajili ya siku ya ndege: kila msaidizi awe na kijana mmoja wa sekondari anayekaa pembeni yake, anajifunza kazi, anajua majina ya watoto wote na nani anashindwa nini. Wawili kati yao sasa wanaongoza wenyewe meza ya hesabu ya P3, Jumamosi asubuhi, chini ya turubai.