Barua iliyoleta picha kwenye wavuti, na programu zilizoinusuru

Oktoba 2019 kampuni ya Yahoo ilitangaza kwamba barua zote zilizohifadhiwa katika makundi yake ya Yahoo Groups zitafutwa. Vikundi vya kila aina vilipewa wiki chache tu za kubeba kilicho chao. Watu wa kujitolea wa Archive Team walijitosa kunakili walichoweza. Desemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa.

Lipo kundi jingine, kongwe kuliko hayo, ambalo barua zake mtu yeyote mwenye kivinjari anaweza kuzisoma moja moja hadi leo. Ni www-talk, walikojadiliana waasisi wa wavuti kuanzia mwaka 1991. Barua zake hazikusalimika kwa bahati. Walikuwapo watu waliokaa chini wakaandika programu za kugeuza barua pepe kuwa kurasa za wavuti, na watu hao ni nadra kutajwa. Ninayoyasimulia hapa nimeyapata katika kumbukumbu hizo zenyewe, na kwa Mark Pilgrim, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, alizipekua na kuonyesha zina utajiri gani.

Mwanzo wa mambo unajulikana. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971. Muundo wa barua uliwekewa kanuni mwaka 1982 katika waraka wa RFC 822. Mwaka 1989, huko CERN, Geneva, Tim Berners-Lee akapendekeza kilichokuja kuwa wavuti.

Tuje kwenye ugomvi wa picha katika www-talk. Tarehe 25 Februari 1993 Marc Andreessen, kijana wa kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliliandikia kundi. Alitaka alama mpya ya kuweka picha ndani ya ukurasa, akaiita IMG, na mfano akautoa papo hapo: <IMG SRC="file://foobar.com/foo/bar/blargh.xbm">. Karibu kurasa zote za wavuti siku hizo zilikuwa maandishi matupu.

Saa chache baadaye Tony Johnson wa maabara ya SLAC, California, akajibu kwamba kivinjari chake cha Midas tayari kina kitu cha namna hiyo, ila majina ndiyo yanatofautiana. Jay Weber akapinga. Picha alizitaka sana, lakini hakuona sababu ya kuchongea kila aina ya faili alama yake peke yake, ilhali upo utaratibu wa MIME, uliotangazwa mwaka 1992, wa kutambulisha faili za aina yoyote. Berners-Lee mwenyewe akasema alikuwa akifikiria picha ziingie kwa alama ya kiungo iliyokuwapo tayari. Wengine wakaja na INCLUDE, wengine EMBED. Ukizisoma hoja hizo leo unaona wazi kwamba waliopinga waliona mbali: sauti na video zilikuja kuhangaika kwa miaka mingi kutafuta njia ya kuingia kwenye ukurasa.

Machi hiyo Andreessen akarudi. Kivinjari chao cha Mosaic 0.10, aliwaarifu, kiko karibu kutoka na kitaonyesha picha. Kwa INCLUDE na EMBED hawako tayari. Programu ikatoka, watu wakaipokea, na mjadala ukabaki kuwa mjadala. Hapa ndipo Pilgrim anapokazia, nami namuunga mkono: aliyeimaliza kazi na kuiweka mikononi mwa watu ndiye aliyeamua. IMG ikaandikwa katika kanuni za HTML 2.0 mwaka 1995, na ndiyo alama inayobeba picha za magazeti ya mtandaoni mpaka sasa.

Tungejuaje haya yote? Barua za aina hiyo hulala katika faili za mbox. Ni faili moja ndefu ya maandishi, barua zikifuatana, kila moja ikitanguliwa na mstari unaoanza kwa neno From. Kutafuta humo nani alimjibu nani ni kazi ya kuumiza macho. Mwaka 1994 Tom Gruber, katika kampuni ya EIT huko California, alitengeneza Hypermail kwa lugha ya Lisp, na mwenzake Kevin Hughes akaiandika upya kwa lugha ya C. Programu hiyo ilisoma mbox, ikaifanya kila barua ukurasa wake, kisha ikapanga faharasa kwa tarehe, kwa mada, kwa mwandishi na kwa mfuatano wa majibu. Mfuatano iliupata kwenye kichwa cha barua, katika mstari wa In-Reply-To, unaotaja kitambulisho cha barua inayojibiwa.

Kazi hii huonekana nyepesi mpaka ufike kwenye barua ile ya Andreessen. Ndani yake imo alama ya < ikifuatwa na IMG. Kivinjari kikiikuta hivyo hakiyaonyeshi maandishi hayo. Kinakwenda kutafuta picha ya blargh.xbm, kinaikosa, na msomaji anaachiwa pengo mahali lilipokuwa pendekezo lenyewe. Ndiyo maana mwandishi wa programu hana budi kugeuza kila < iwe &lt; na kila > iwe &gt;. Tena lazima aanze na &, aifanye &amp;. Akiichelewesha, ataigeuza mara ya pili ile &lt; aliyokwisha kuiweka, na ukurasa utajaa takataka. Ni mistari michache ya msimbo, ila mpangilio wake ukikosewa, ushahidi unapotea.

Mei 1994, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa wavuti huko Geneva, watu sita waliingizwa katika orodha ya heshima ya wavuti. Berners-Lee alikuwamo, Andreessen alikuwamo, na Kevin Hughes naye alikuwamo. Wawili wa kwanza wanajulikana dunia nzima. Gruber alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Siri, msaidizi wa sauti wa simu za iPhone, na akitajwa leo hutajwa kwa hiyo. Kwa maoni yangu Hypermail ilistahili kumpa jina vilevile.

Wengine walifuata. Earl Hood aliandika MHonArc kwa lugha ya Perl, ikamudu viambatisho vya MIME na zile =20 na =3D zinazochafua barua zisiposimbuliwa. Andrew Kuchling alitengeneza Pipermail kwa Python, ikaingizwa ndani ya Mailman, programu ya kuendesha makundi ya barua pepe ambayo John Viega aliianza kwa ajili ya mashabiki wa bendi ya Dave Matthews. Mailman ikaenea vyuoni na katika mashirika, na huku kwetu imelitumikia kundi la KICTANet la Kenya, linalojadili sera za teknolojia.

Siku hizi mijadala yetu mizito imehamia WhatsApp, ambako simu ikipotea bila nakala, na maneno ya mwenye simu yamepotea. Huo ni uzembe, na tutaulipia siku watoto wetu watakapouliza nani alisema nini.

Kama chama, chuo au gazeti lako lilikuwa na kundi la barua pepe miaka ya 1990 au 2000, mtafuteni aliyekuwa akitunza seva, mumuulize faili ziko wapi. Mbox ni maandishi tu, haihitaji programu ya kampuni yoyote kuifungua. Nakilini sehemu mbili, kisha mpeni kijana anayejua Python: moduli ya mailbox imo humo bure, na html.escape huanza na & kama inavyotakiwa. Waombeni ruhusa walioandika, ficheni anwani zao, kisha zitoeni barua hizo zisomwe.