Kiini na Prosesa: Jinsi Linux Ilivyowapa Watumiaji Uchaguzi

Kila idara inapopokea kompyuta zilizokwisha kutumika, huzuka swali lile lile: mashine hii itakubali mfumo gani? Tumeshuhudia mashine nzima ikipelekwa stoo kwa sababu tu ilipewa kiini kisichoifaa, ikakataa kuwaka. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa njia ya historia, namna kiini cha mfumo endeshi kinavyofungamana na prosesa. Mfano wetu ni Linux.

Kwa kiini tunamaanisha sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayogawa kumbukumbu na kuzipa programu zamu za kutumia prosesa. Neno lenyewe tunalipenda: kama kiini cha yai, hakionekani mpaka ganda livunjwe.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alianza kuandika kiini kwa ajili ya kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386. Hakuficha kwamba kazi yake ilitegemea prosesa hiyo. Januari 1992 Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam na mtunzi wa Minix, alimkosoa hadharani, pamoja na mambo mengine, kwa kuufunga mfumo kwenye aina moja ya prosesa. Katika hoja hiyo tunaona profesa alikuwa na haki. Torvalds naye alijibu kwa vitendo, maana toleo la 1.2 la Machi 1995 lilikubali pia prosesa za Alpha, SPARC na MIPS.

Lakini hata ndani ya ukoo mmoja wa Intel mambo hayakuwa sawa. Prosesa ya 386 ilitoka 1985, 486 ikafuata 1989, Pentium 1993, na Pentium Pro, yaani 686, mwaka 1995. Kila kizazi kilielewa amri za mtangulizi wake kikaongeza zake. 486 ilileta amri ya kulinganisha thamani iliyomo kwenye kumbukumbu na kuibadilisha kwa mkupuo mmoja. Pentium Pro ikaleta amri ya kuhamisha thamani kwa sharti, inayoitwa cmov. Kiini kilichotayarishwa kwa kizazi kipya huzitumia amri hizo. Kikiwekwa kwenye prosesa ya zamani, hukutana na agizo lisilojulikana, na kazi husimama hapo hapo. Kinyume chake hakina madhara makubwa: kiini cha 486 huenda vizuri kwenye Pentium, ila hakitumii uwezo wake wote.

Ndiyo maana Debian ya 2005, iliyoitwa Sarge, ilitoa viini kwa majina: 386, 686, na k7 kwa Athlon za AMD. Tatizo ni kwamba majina hudanganya. AMD K6 ya 1997 ilishindana sokoni na Pentium II, lakini haikuwa na cmov, hivyo kiini cha 686 hakikuifaa. VIA C3 za mwanzo zilikuwa na upungufu huo huo.

Kisa cha Pentium M ni cha ajabu zaidi. PAE, njia ya kuhesabu anwani za kumbukumbu kupita gigabaiti 4 hadi 64, ilikuwapo tangu Pentium Pro. Pentium M za 2003 ziliweza kuitumia, lakini hazikuitangaza: kiini kilipouliza, zilijibu kana kwamba hazinayo! Ubuntu ilipoacha kutoa viini visivyo vya PAE, Oktoba 2012, kompyuta mpakato nyingi zilizokuwa nzima zilikataliwa. Ilipofika 2014 ndipo likaja chaguo la forcepae, linaloandikwa wakati wa kuwasha mashine, na kompyuta zile zile zikapokelewa.

Disemba ya mwaka huo huo wa 2012, Torvalds alikubali badiliko la Ingo Molnar la kuiondoa 386 kabisa, kwa kuwa kuitunza kuliwaongezea kazi waandishi wa kiini. Toleo la 3.8 la Februari 2013 halikuweza tena kuwaka kwenye aina ya prosesa ambamo Linux ilizaliwa.

Prosesa za biti 64 za ukoo huu zilianza na AMD mwaka 2003, na Intel ikafuata 2004. Ndiyo asili ya jina amd64, ambalo wanafunzi wetu hudhani haliwahusu wenye Intel. Linawahusu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini cha kompyuta za biti 32; Debian 12 ndiyo ya mwisho, nayo ina 686 na 686-pae.

Kwa hiyo tunashauri prosesa yenyewe iulizwe. Kwenye Linux yoyote inayowaka, hata ya zamani, fungua faili la /proc/cpuinfo na usome mstari wa flags. Ukiona lm, chukua amd64. Ukiona pae bila lm, chukua 686-pae. Cmov bila pae, 686. Kompyuta mpakato moja ya stoo yetu ilionyesha cmov pasipo pae. Ilikuwa imepewa 686-pae. Tuliibadilishia kiini, na sasa wanafunzi wanaandikia tasnifu zao juu yake.