Tiba ya kiwewe kwa miendo ya macho: je, inaweza kufanyika kwa simu?

Ajali, kupigwa, kubakwa, kufiwa na mtoto, au kujifungua kwa namna iliyokaribia kukuua: matukio kama haya yanaweza kuacha kiwewe. Tukio limepita, lakini mwili haujapata habari. Unashtuka mlango ukigongwa, unaota ndoto za kutisha, unaogopa kurudi kliniki ulikojifungulia. Dalili hizi zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja na kukuzuia kulala, kufanya kazi au kumlea mtoto, muone mtaalamu wa afya ya akili. Huu si uchawi, wala si uzembe wako.

Mojawapo ya tiba anazoweza kukupa inaitwa EMDR. Ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza kwa watu wazima na watoto wanaougua kutokana na kiwewe.

Inafanyikaje?

Tiba ina hatua nane, na zile za mwanzo hazihusu macho kabisa. Mtaalamu anasikiliza historia yako na kukufundisha kujituliza. Akiona uko tayari, anakuomba ukumbuke kipande kimoja cha tukio huku macho yako yakifuata kidole chake kinachokwenda kushoto na kulia, kwa nusu dakika hivi. Kisha anauliza kimekujia nini, na mnaendelea. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90.

Akili ikishughulikia mambo mawili kwa pamoja, kumbukumbu hupungua makali. Haifutiki, utakumbuka, ila bila moyo kwenda mbio. Wanasayansi bado wanabishana ni kwa kiasi gani miendo ya macho yenyewe ndiyo inayosaidia. Kwa mama anayeona aibu kusema, faida kubwa ni hii: hulazimiki kusimulia tukio zima kwa undani.

Kwa njia ya simu au kompyuta

Hapa mtaalamu anakuona kwa video, na macho yako yanafuata doa linalotembea kwenye kioo. Kioo cha simu ni kidogo, kwa hiyo wengi hutumia kumbatio la kipepeo: unapishanisha mikono kifuani na kujipigapiga taratibu, kulia kisha kushoto. Mbinu hii ilitoka kwa Lucina Artigas, aliyewahudumia manusura wa kimbunga Pauline huko Acapulco, Mexico.

Kabla ya kikao tafuta chumba ambacho hakuna anayekusikia. Chaji simu, hakikisha bando linatosha, na mwachie mtoto mtu unayemwamini, hata kama amelala. Mpe mtaalamu namba ya ndugu au jirani, umweleze na mahali ulipo, ili mtandao ukikatika ukiwa katikati ya machozi ajue la kufanya. Mtaalamu asiyeuliza mambo hayo, mtilie shaka. Muulize pia amesomea wapi na anasimamiwa na nani. Usipange kupika au kusafiri mara tu baada ya kikao, kwani uchovu na ndoto nyingi ni kawaida kwa siku moja au mbili.

Zipo video za doa linalotembea ambazo mtu hujitazamia mwenyewe. Hizo si tiba. Zinaweza kufungua kidonda bila mtu wa kukusaidia kukifunga.

Mweleze mtaalamu mapema ikiwa una kifafa, ugonjwa wa macho, ujauzito, au ikiwa umewahi kuwaza kujiua. Na kama anayekuumiza bado mnaishi naye, usifanyie tiba hii nyumbani. Usalama wako unatangulia.

Mtoto naye anaweza kutibiwa, lakini mlezi awe karibu. Ukiwa Kenya au Tanzania na unahofia usalama wa mtoto, piga 116 bila malipo.