Nani Mwenye Neno la Mwisho? Kisa cha Karen Quinlan

Mwezi Aprili 1975, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, binti wa miaka 21 aitwaye Karen Ann Quinlan alizimia baada ya kunywa pombe pamoja na dawa za kutuliza. Wenzake walipogundua kwamba hapumui, walikuwa wamechelewa. Moyo uliendelea kupiga, lakini ubongo ulikuwa umeumia kwa kukosa hewa, na Karen hakurudiwa na fahamu tena. Hospitalini aliwekewa mashine ya kupumulia. Miezi ikapita, mwili ukakonda na kujikunja, wala madaktari hawakuwa na tumaini kwamba ataamka.

Tiba ya namna hiyo ilikuwa bado changa. Mwaka 1952, polio ilipoukumba mji wa Copenhagen, daktari Bjørn Ibsen alionyesha kwamba mgonjwa aliyeshindwa kupumua anaweza kusukumiwa hewa mapafuni kupitia kooni. Wanafunzi wa udaktari walipeana zamu kando ya vitanda, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono usiku na mchana. Watu waliokuwa wa kufa wakaishi. Lakini neema hiyo ilileta swali ambalo wazee wetu hawakulijua: mashine ikipumua badala ya mtu, na mtu haamki, nani aseme sasa inatosha?

Daktari Bruno Haid wa Innsbruck, Austria, alilifikisha swali hilo kwa Papa Pius XII, naye akalijibu tarehe 24 Novemba 1957. Alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kutunza uhai wake kwa njia za kawaida, zisizo mzigo mzito kupita kiasi kwake au kwa wengine. Halazimiki kutumia kila njia iliyopo. Tena alieleza kwamba daktari hana mamlaka juu ya mgonjwa ila yale aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na kwamba ndugu wa asiye na fahamu wafuate yale ambayo yeye angeyataka.

Familia ya Quinlan ilikuwa ya Kikatoliki. Mama, Julia, alikubali mapema kwamba mashine iondolewe. Baba, Joseph, ndiye aliyekubali mwisho, kwa kuwa alingoja muujiza. Alishauriana na paroko wao, Padre Thomas Trapasso, aliyemfafanulia mafundisho hayo, na moyo wake ukatulia. Madaktari, hata hivyo, walikataa. Joseph akaenda mahakamani kuomba awe mlezi wa kisheria wa binti yake mwenye mamlaka ya kuamua.

Tarehe 10 Novemba 1975 Jaji Robert Muir alimkatalia: jambo hilo ni la madaktari. Askofu wao, Lawrence Casey, alisimama upande wa familia. Tarehe 31 Machi 1976 majaji wote 7 wa Mahakama ya Juu ya jimbo walimpa Joseph haki. Haki ya kukataa tiba ni ya Karen, walisema, na kwa kuwa hawezi kusema, baba amsemee. Lakini hawakumwachia aamue peke yake. Madaktari wathibitishe kwanza kwamba hakuna tumaini la fahamu kurudi, na kamati ya maadili ya hospitali ikubaliane nao.

Mwezi Mei 1976 mashine iliondolewa. Wengi walitazamia afe mara moja. Karen akapumua mwenyewe! Aliishi miaka 9 zaidi katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, akilishwa kwa mrija. Wazazi wake hawakuomba kamwe mrija huo uondolewe. Kwao hicho kilikuwa chakula cha mtoto wao. Waliendelea kumtembelea na kumwombea mpaka alipofariki tarehe 11 Juni 1985.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye fundisho. Kama Joseph angekuwa anataka mwanawe afe, angekasirika alipoona bado anapumua. Badala yake alimtunza. Alichokataa ni mashine, binti hakumkataa. Kuacha tiba isiyosaidia na kumtupa mgonjwa ni mambo mawili tofauti, na anayeamua hupimwa kwa yale anayoyafanya baada ya kuamua.

Basi, nani aamue? Mgonjwa kwanza, akishindwa kusema, wale wampendao na wanaojua moyo wake, pamoja na waganga waaminifu, katika sala. Karen aliwahi kugusia jambo hili akiwa mzima, lakini jaji wa kwanza hakuona kwamba maneno yale yanatosha. Tusiwaachie watoto wetu mzigo wa kubahatisha. Tuseme nao mapema, tukiwa bado na afya, mezani nyumbani. Saa yenyewe ya kuondoka inabaki mikononi mwa Mungu, kama ilivyobaki kwa Karen.