Kiti Alichonyimwa Bose: Vyeo vya Wajiolojia katika Serikali ya India

Mwezi Machi 1851, Thomas Oldham, mjiolojia kutoka Dublin, aliteremka melini Calcutta kuanza kazi ya kupima miamba ya India kwa niaba ya Kampuni ya East India. Ofisi aliyokabidhiwa ilikuwa na chumba kimoja, sanduku moja na tarishi mmoja. Karani hakuwepo. Mmoja wa watangulizi wake, D. H. Williams, alikuwa amefia kazini mwaka 1848 kwa homa aliyoipata porini.

Walichokitaka wakubwa wa Kampuni kilikuwa makaa ya mawe. Meli za mvuke zilikuwa zikiyala kwa tani, na reli ilikuwa njiani. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay mwaka 1853. Oldham hakukataa kuyatafuta, ila alishikilia kwamba huwezi kuyajua makaa bila kuijua miamba inayoyabeba, na miamba haijulikani bila ramani ya nchi nzima. Kwa hoja hiyo alipata wasaidizi, mmoja baada ya mwingine, na chumba kile kikazaa Idara ya Jiolojia ya India, ambayo makao yake makuu yako katika mji huohuo mpaka leo.

Wasaidizi walileta vyeo. Juu kabisa alikaa Mrakibu, jina ambalo msomaji wa Tanzania analijua kutoka polisi na uhamiaji. Chini yake walikuwa naibu na wasaidizi wake, na baadaye mkuu wa idara akaitwa Mkurugenzi. Nusu ya mwaka, takriban Oktoba hadi Aprili, maofisa waliishi kwenye mahema wakiwa na nyundo, dira na daftari, na mizigo yao ilifuata kwa mikokoteni ya ng'ombe au juu ya tembo. Mvua zilipofunga njia walirudi Calcutta kuchora ramani na kuandika ripoti. Ripoti hizo ndizo zilizompandisha mtu cheo. Vifo navyo viliacha nafasi wazi: Ferdinand Stoliczka, bingwa wa visukuku aliyezaliwa Moravia, alifariki mwaka 1874 katika milima ya Ladakh akiwa safarini kurudi kutoka Yarkand. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Wahindi walikuwapo tangu siku ya kwanza, wakibeba sampuli, wakipiga mahema, wakiwaonyesha njia Wazungu. Kwenye orodha ya watumishi wa kitaalamu hawakuonekana hadi mwaka 1873, Ram Singh alipoandikwa kuwa mwanagenzi. Mwaka uliofuata wakaja Kishen Singh na Hira Lal. Cheo cha ofisa kamili kilikuwa jambo jingine. Henry Benedict Medlicott, aliyeshika uongozi baada ya Oldham kustaafu mwaka 1876, aliamini kwamba Mhindi hana uwezo wa kufanya utafiti wake mwenyewe. Medlicott huyohuyo ndiye aliyeipa miamba ya India ya kati jina la Gondwana, kutokana na nchi ya watu wa Gond. Jina hilo limeenea dunia nzima, na wajiolojia huiweka miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, katika ukoo mmoja na ile ya India. Basi wenyeji waliweza kuwapa wageni jina la miamba, lakini cheo cha kuichunguza hawakupewa.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1880. Aliyeingia alikuwa Pramatha Nath Bose, Mbengali aliyezaliwa mwaka 1855, aliyekwenda London kwa ufadhili wa masomo na kurudi na shahada pamoja na mafunzo ya Shule ya Kifalme ya Migodi. Kwa vyeti hakuna aliyeweza kumsogeza pembeni. Alitembea bonde la Narmada, Majimbo ya Kati, Sikkim, Assam na Burma. Mwaka 1887 aliandika kuhusu madini ya chuma katika eneo la Durg, kwenye vilima vya Dhalli na Rajhara. Ripoti ilipokelewa, ikachapishwa, ikatulia kabatini.

Mwaka 1903 kiti cha Mkurugenzi kilikuwa wazi, kwa kuwa Carl Griesbach alikuwa akistaafu. Bose alikuwa na miaka 23 kazini. Aliyekalishwa pale ni Thomas Henry Holland, aliyeingia idarani mwaka 1890, miaka 10 nyuma yake. Haki itendeke kwa Holland: hakuwa mtu wa kubebwa. Ni yeye aliyeutambulisha ulimwenguni mwamba uitwao chanokaiti, na mwaka 1904 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London. Hata hivyo, katika utumishi uliohesabu miaka ya kazi kwa makini namna ile, kurukwa na mdogo wako kwa miaka 10 kulikuwa na maana moja tu, na Bose aliielewa. Aliacha kazi.

Hapo ndipo kisa kinaponoga. Wakati huohuo kampuni ya Tata ilikuwa ikihangaika kutafuta chuma cha kujengea kiwanda cha kwanza kikubwa cha chuma cha pua cha India. Dorabji Tata alikwenda Nagpur kumwambia mkuu wa serikali ya jimbo kwamba msako umeshindikana. Kwa kuwa ilimbidi asubiri kidogo, alivuka barabara na kuingia jumba la makumbusho. Ukutani aliona ramani ya jiolojia yenye rangi, na katika eneo la Durg alama za chuma. Ilikuwa kazi ya Bose. Dorabji na mtaalamu wake, C. M. Weld, wakafunga safari hadi Dhalli; inasimuliwa kwamba walipopanda kile kilima, hatua zao zililia kama wanaokanyaga bati. Chuma kilikuwapo tele. Tatizo likawa makaa na maji, ambavyo havikuwa karibu.

Bose mwenyewe alikuwa ameajiriwa na mfalme wa Mayurbhanj, mashariki ya nchi, na huko alikuta kilima kingine, Gorumahisani. Tarehe 24 Februari 1904 alimwandikia Jamsetji Tata, baba yake Dorabji, kumweleza kuhusu chuma hicho, ambacho hakikuwa mbali na makaa ya Jharia. Jamsetji alifariki mwezi Mei mwaka huo, lakini wanawe waliendelea na kazi. Kampuni iliandikishwa mwaka 1907, na mwaka 1912 chuma cha pua cha kwanza kikamiminwa mahali panapoitwa leo Jamshedpur. Dhalli na Rajhara navyo vilipata siku yao: India huru, kwa msaada wa Umoja wa Kisovyeti, ilijenga kiwanda cha Bhilai na kukilisha kwa chuma kilekile kilichoandikwa mwaka 1887. Mtu aliyeonekana hafai kuongoza ofisi alikuwa nyuma ya viwanda viwili.

Waliomfuata walipanda polepole. Darashaw Wadia, mwalimu wa chuo huko Jammu, aliingia idarani mwaka 1921 akiwa tayari amechapisha kitabu kikubwa cha jiolojia ya India, na shahada zake zote alizipata nyumbani. Mkurugenzi wa kwanza Mhindi, M. S. Krishnan, alikalia kiti mwaka 1951, miaka 100 baada ya Oldham kufungua lile sanduku lake na miaka minne baada ya uhuru.

Siku hizi mlango ni mtihani. Tume ya Utumishi wa Umma ya India huwatahini vijana kwa hatua tatu: mchujo, mtihani mkuu na usaili. Wanaofaulu huanza wakiwa Wajiolojia na kupelekwa Hyderabad kwenye chuo cha mafunzo cha idara, kisha hupanda kuwa Waandamizi, halafu Warakibu, halafu Wakurugenzi. Cheo alichonyimwa Bose sasa kiko katikati ya ngazi na kina watu wengi; juu yake kuna Naibu Mkurugenzi Mkuu na wengine, hadi Mkurugenzi Mkuu.

Afrika Mashariki ilirithi mfumo wa ukoo huohuo. Idara ya Jiolojia ya Uganda ilianza Entebbe mwaka 1919, ya Tanganyika mwaka 1925, na Dodoma bado ndiyo makao ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, ambako mhitimu huanza kuwa Mjiolojia Daraja la II. Wabeba sampuli, wachora ramani na maofisa wa kwanza Waafrika wa Dodoma na Entebbe wanastahili historia iliyoandikwa kwa kina kama ya Bose. Wastaafu wao, au watoto wao, wenye madaftari ya porini, barua za kupandishwa cheo au picha za kambini, wasizichome wakati wa kusafisha nyumba. Wazipeleke kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa.