Fedha za TASAF Pemba: Nani anashika daftari kwenye shehia?

Pemba ina mikoa 2, wilaya 4 na majimbo 18. Lakini ukitaka kujua pesa ya mradi imekwenda wapi, usianzie ofisi ya mkoa. Anzia kwenye shehia, pale majina yanapoandikwa.

Mfano ulio wazi ni TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii ulioanza mwaka 2000. Ni wa Muungano, ila Zanzibar unaratibiwa na Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, na Pemba ina mratibu wake. Kipindi cha pili cha mpango wa kunusuru kaya maskini kilizinduliwa Februari 17, 2020, na kililenga shehia zote za Unguja na Pemba.

Orodha inasomwa hadharani

Utaratibu uko hivi. Wananchi wanaitwa mkutanoni, wanakubaliana vigezo vya umaskini hapo kwao, kisha kaya zinaorodheshwa. Taarifa zinakusanywa kwa dodoso na kuchakatwa, halafu orodha inarudi tena mkutanoni. Jina moja moja. Jirani anayejua kuwa fulani ana maduka mawili anaweza kusimama na kusema.

Hapo ndipo udhibiti wenye nguvu ulipo, na ndipo unapoweza kufa kimyakimya. Mkutano ukiitwa asubuhi ya siku ya mwani au ya kuchuma karafuu, nani atakuja? Na nani atamsema jirani yake mbele za watu, ilhali kesho watakutana kisimani? Mwaka 2016 uhakiki wa nchi nzima uliondoa maelfu ya kaya zisizostahili. Maana yake, hizo zote zilikuwa zimepita kwanza kwenye mikutano kama hiyo.

Sheha hachaguliwi

Hapa Zanzibar inatofautiana na Bara. Kule mwenyekiti wa kijiji anapigiwa kura. Sheha anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kwa Pemba, ambako upinzani umekuwa na nguvu tangu uchaguzi wa 1995, hili si jambo dogo: vyama vya upinzani vimelalamika miaka mingi kuwa masheha wanaegemea chama tawala. Hata sheha anayetenda haki anabeba mzigo huo wa kutoaminiwa.

Ndiyo maana kamati ya usimamizi ya jamii ina uzito wake. Wajumbe wake wanachaguliwa na wananchi wenyewe mkutanoni, na ndio wanaofuatilia malipo na miradi ya shehia.

Siku 10 ni Sh30,000

Chukua ajira za muda. Katika kipindi cha pili, malipo yaliwekwa Sh3,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Anayefanya kazi siku zote anapata Sh180,000. Kazi ni kama kuchimba mitaro, kupanda mikoko au kujenga tuta la kuzuia maji ya bahari yasiingie kwenye mabonde ya mpunga, tatizo linalojulikana sana Kisiwa Panza na Micheweni.

Sasa, siku 10 zisipoandikwa kwenye daftari la mahudhurio, mama wa watu kapoteza Sh30,000. Hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeligundua hilo akiwa ofisini. Anayeweza kuligundua ni yule aliyeshika jembe pembeni yake.

Ngazi za juu

TASAF, kwa kuwa ni ya Muungano, inakaguliwa na CAG wa Muungano. Fedha za mabaraza ya miji na halmashauri, zinazoendeshwa kwa Sheria Na. 7 ya 2014, ziko chini ya CAG wa Zanzibar, ambaye ripoti zake hufika Baraza la Wawakilishi. Mwananchi wa Tumbe au Kengeja asiyejua tofauti hiyo anaweza kuzungushwa ofisi hadi ofisi.

Ukiona kasoro

Anza na kamati ya shehia, kisha diwani wako au ofisi ya wilaya, kisha mratibu wa TASAF Pemba. Andika tarehe, idadi ya siku na kiasi ulicholipwa. Malalamiko ya mdomo hupotea njiani. Kama ni rushwa, huhitaji kupita kwa sheha. Nenda moja kwa moja ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi iliyoanzishwa kwa sheria ya 2012, ambayo ina ofisi Pemba pia.